Kisu na Mpini Wake: Historia ya Visu vya Mbulu na Hanang

Ukishika kisu cha zamani cha Mbulu au Hanang, jicho hukimbilia bapa. Ndivyo tulivyozoea: kisu ni makali. Lakini bapa la kisu cha huku aghalabu ni mgeni. Chuma chake kiliwahi kuwa jembe lililobebwa kutoka mbali, au msumari wa inchi sita, au springi ya gari. Mwenyeji ni mpini: mti uliokatwa kwenye korongo la jirani, pembe ya ng'ombe wa boma lile lile, ngozi iliyovutwa ingali mbichi. Kwa zaidi ya miaka mia wakusanyaji wa visu, wenye makumbusho na wenye kabati nyumbani, wameandika habari za chuma na kuuacha mpini bila neno. Naona wamekishika kisu upande wa makali, na historia ya wilaya hizi mbili inatosha kuonyesha wamekosa nini.

Mbulu na Hanang zilikuwa wilaya moja mpaka 1969. Juu baridini, kuanzia Kainam na Irqwar Da'aw, ni nchi ya Wairaqw, watu wa shamba na zizi kwa pamoja. Magharibi ardhi inaporomoka mpaka bonde la Yaeda, nchi kavu ya mibuyu na migunga, makao ya Wahadza wawindaji. Kusini Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake juu ya nyanda za Basotu na Katesh, malisho ya Wabarbaig, tawi kubwa la Wadatooga. Pembezoni wako Wanyiramba, Waisanzu, Wanyaturu, Warangi na Wambugwe. Ndiyo kusema hapa lugha za Kikushi, Kiniloti, Kibantu na lugha ya Kihadza, yenye sauti za kudokoa ulimi, zinasikika katika mnada mmoja. Kisu kimoja kinaweza kupita katika mikono ya watu wa makundi yote manne ya lugha kabla hakijaisha kwa kunolewa.

Wadatooga walifika nyanda hizi baada ya kupoteza Ngorongoro. Kabla ya katikati ya karne ya 19 waliishi ndani ya kreta ile, mpaka Wamaasai wakawatoa. Makaburi ya wakubwa wao yangalimo humo, na wazee wao huenda kuyazuru hadi leo. Walipoteremka kusini walikuja na ng'ombe wao, na walikuja na wahunzi wao. Uhunzi kwa Wadatooga si kazi ya kila ajisikiaye. Ni ya ukoo mmoja, Gidang'odiga, ambao huoana wao kwa wao. Mbarbaig wa koo nyingine hatamwoza binti yake mhunzi wala hataoa kwake, na kuna mambo ya unajisi yanayowatenga. Mkuki wake, bangili ya mkewe, kengele ya ng'ombe wake na kisu cha kuchunia ngozi vyote hutoka kwa watu hao hao. Jambo hili linaniuma kila ninapolifikiri. Watu waliowapa jirani zao wote chuma cha kuishi ndio walioachwa nje ya ndoa na heshima, na walipokuja wageni na madaftari yao, ndio walioachwa nje ya kumbukumbu pia.

Karakana ya mhunzi wa Kidatooga haihitaji ukuta. Ni kivuli, shimo dogo la mkaa, na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi. Mtu huketi nyuma yake, mkono mmoja ukipanda mwingine ukishuka, na upepo hupita katika bomba la udongo mpaka kwenye moto bila kukatika. Fuawe ni kipande cha chuma kizito kilichokitwa ardhini. Mhunzi hukamata chuma kwa koleo, hukipiga kikiwa chekundu, hukirudisha motoni kikianza kuwa cheusi. Bapa likishaonekana, nyuma yake huacha mkia mwembamba wenye ncha. Mkia huo mnunuzi hauoni tena baada ya siku ile, nao ndio unaoamua kisu kitadumu mwaka au miaka ishirini.

Sasa mpini. Kipande cha mti mkavu hushikwa imara, mkia wa bapa hupashwa moto mpaka uwe mwekundu, kisha husukumwa katikati ya kipande kile. Moshi hutoka, mti hulia kidogo. Unachomolewa, unapashwa tena, unasukumwa tena, kila safari ukizama zaidi, mpaka shimo lililochomwa ndani ya mti lipate umbo lile lile la mkia. Safari ya mwisho hupigwa ukiwa umepoa, nao haung'oki. Hakuna keekee iwezayo kutoboa shimo linalolingana hivyo na chuma chake. Na kwa kuwa mti umeungua ndani, ukuta wa shimo umekuwa mkaa mwembamba, kwa hiyo ukikutana na kisu kizee ambacho mpini wake umelegea, chungulia: weusi ule ndani ya tundu ni alama kwamba kilitiwa mpini kwa moto. Visu vya kiwandani havina weusi huo.

Baada ya hapo kuna watu wanaoridhika na mti mtupu, na kuna wanaoongeza ngozi. Mpini wa sime ya Kimaasai ni mfano unaojulikana zaidi: mti uliovikwa ngozi mbichi, ikashonwa au ikavutwa kwa nguvu, ikaachwa ikauke. Ngozi ikikauka hujikaza, na mkono wenye damu au jasho hautelezi. Huo ni ufundi wa wafugaji wote wa ukanda huu, na anayechinja anaujua umuhimu wake kuliko anayepamba ukutani.

Pembe ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote. Pembe ya ng'ombe ni vitu viwili: ganda la nje, ambalo ni jamaa ya kucha, na mfupa ulio ndani. Huwezi kulitumia ganda kabla ya kuutoa mfupa, kwa kuchemsha au kwa kuacha nyama iliyo katikati ioze. Sehemu kubwa ya ganda ina uwazi, lakini ncha imejaa, haina tundu, na ndiyo inayofaa mpini wa kisu kidogo. Kwenye moto wa wastani pembe hulainika na hukubali kunyooshwa. Ikizidishiwa moto hufanya malengelenge na kunuka nywele zilizoungua. Ikisuguliwa kwa msasa kisha kwa majivu na mafuta, hutoa mng'ao, na michirizi nyeusi, ya kahawia na nyeupe hujitokeza ndani yake. Hakuna pembe mbili zenye michirizi sawa. Mfugaji wa Hanang anayewajua ng'ombe wake kwa rangi na kwa pembe anaweza kutazama mpini na kumkumbuka dume fulani. Sijui kitu kingine cha nyumbani kinachohifadhi mnyama namna hiyo.

Mfupa wenyewe hutumika pia, ila una masharti. Mkia mwekundu wa chuma huupasua, basi lazima utobolewe. Usipoondolewa mafuta vizuri hubadilika kuwa wa njano na kutoa harufu. Ukiangalia kwa karibu sehemu iliyokatwa, utaona vitone vidogo vyeusi, njia za damu za mnyama alipokuwa hai. Vitone hivyo vinasaidia sana, kwa sababu pembe za ndovu hazina. Jino la ndovu likikatwa huonyesha mistari laini inayopishana na kufanya vijisanduku vya mshazari. Tofauti hii nimeitaja mapema kwa makusudi, maana historia ya visu vya huku haiwezi kuepuka ndovu.

Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu ilipanda kutoka Pangani, ikapita Arusha Chini na Mbugwe mpaka Irangi, ikitafuta pembe za ndovu. Ilileta shanga, nguo, na masango ya shaba, yaani nyaya nene zilizogeuzwa bangili, vipuli na nakshi za mikuki na mipini. Ndivyo shaba ilivyoingia katika visu vya huku: uzi wa shaba uliozungushwa pale bapa linapokutana na mti, mahali panapopasuka kwanza. Pembe zenyewe zilishuka pwani, zikavuka mpaka Unguja, zikapakiwa kwenda Bombay, London na Marekani. Mjini Sheffield, Uingereza, mji uliokuwa bingwa wa visu duniani wakati huo, kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilikuwa na ghala la pembe za ndovu lililosifika hata wageni wakapelekwa kulitazama. Humo pembe za Afrika zilikatwa vipande vya urefu wa kidole na kupigiliwa kwenye visu vya mezani na visu vya kukunja vya mabwana. Kwa hiyo wakati mhunzi wa Gidang'odiga akitia mpini wa mti kwenye kisu cha mchungaji, ndovu wa nyanda za Afrika Mashariki alikuwa mpini wa kisu cha mtu aliyemenya tufaha mbele ya moto Uingereza. Mkusanyaji wa leo anayelipa fedha nyingi kwa kisu cha Sheffield cha pembe anapaswa kujua kwamba anashika kipande cha nchi hizi.

Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na kamati ya Kijerumani ya kupinga biashara ya watumwa, alipita Manyara, akaingia Ngorongoro mwezi Machi, akafika Ziwa Eyasi, na katika safari hiyo hiyo akapita nchi ya Wairaqw na ya Wadatooga. Kitabu chake kilitoka 1894. Vitu alivyokusanya Afrika vimo katika makumbusho ya Vienna. Hakuwa peke yake. Tangu 1889 serikali ya Ujerumani iliagiza kwamba vitu vinavyokusanywa na misafara ya serikali katika makoloni vipelekwe kwanza kwenye makumbusho ya Berlin, na huko Felix von Luschan, mkuu wa idara ya Afrika, aliandika mwongozo wa kukusanya kwa maofisa, madaktari na wapima ardhi. Mikuki, ngao, pinde na visu vilivuka bahari kwa maelfu. Fritz Jaeger alipima nyanda za kreta na nchi ya Hanang mwaka 1906 na 1907. Erich Obst alitoka Mkalama mwaka 1911 akaenda kukaa na Wahadza. Wakusanyaji wa enzi hiyo walijua kuuliza kabila na mahali. Jina la aliyekifua kisu, aina ya mti, na mnyama aliyetoa pembe havikuwa na nafasi kwenye kadi. Mpini ukaandikwa "mti" au "pembe", basi. Kabila nalo mara nyingi lilikuwa la aliyeuza kisu, wakati aliyekitengeneza alikuwa wa kabila jingine. Kisu cha Mhadza kilichofuliwa na Mdatooga kikawa "cha Wahadza" milele.

Biashara nayo ilikwenda upande wa pili. Mnamo 1902, mwaka mmoja baada ya wataalamu wa Ulaya kumtambulisha okapi wa misitu ya Ituri, mafundi wa Solingen, Ujerumani, walianza kutengeneza kisu cha kukunja chenye jina la mnyama huyo, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Okapi ni kisu cha kazi na cha bei nafuu: bapa la chuma kinachoshika kutu lakini kinanoleka kwa jiwe lolote, mpini wa mti uliotiwa rangi na kupigiliwa vipande vya bati vya mwezi na nyota, na pete ndogo nyuma ya kuvutia ili bapa liachiwe na kukunjwa. Kilienea mpaka Jamaika. Tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Ukikilinganisha na kisu cha mhunzi unaona mara moja namna mbili za kufikiri. Mzungu alibuni mpini unaolificha bapa ili kisu kiingie mfukoni. Mtu wa huku hakuwa na mfuko. Alikuwa na ala ya ngozi na mkanda, na mpini wake haukufungwa wala kufunguliwa, ulikaa tu tayari. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo ndicho kinachokufa kwanza: mchanga wa bonde la Yaeda ukiingia humo, pamoja na mafuta ya nyama, kisu hukataa kufunguka. Mimi napenda Okapi na ninaheshimu kilivyodumu, lakini kwa kuchuna mnyama porini ningechagua kile cha mkia uliochomwa.

Ushahidi bora tulio nao wa kisu katika maisha ya huku ulikusanywa na James Woodburn, Mwingereza aliyeanza kuishi na Wahadza mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikusanya vyombo vyao kwa ajili ya British Museum, na mwaka 1970 makumbusho hayo yakatoa kitabu chake kidogo juu ya vyombo vya Wahadza. Uzuri wa kazi yake ni kwamba aliuliza kila kitu kinatengenezwaje na kinakwenda wapi baada ya hapo. Wahadza hawafui chuma kwa moto. Misumari na vipande vyepesi huvigonga vikiwa baridi, jiwe juu ya jiwe, wakapata ncha za mishale. Chuma kizito hukipata kwa wahunzi wa jirani kwa kubadilishana na asali na nyama. Kisu kwa Mhadza ni cha kuchongea mishale, kukata nyama na ngozi, na kwa mwanamke ni cha kuchonga ncha ya mti wa kuchimbia mizizi, ambayo huchongwa upya kila inapobutuka.

Lakini jambo lililonishika zaidi katika kazi ya Woodburn ni mchezo wa kamari uitwao lukuchuko. Wanaume huchukua vipande vya ganda la mti, huvitupa kwa pamoja vigonge shina, na hutazama vimeangukaje. Wanachowekeana ni vitu ambavyo haviwezi kupatikana kila mahali: mishale yenye ncha za chuma, visu, mashoka, shanga, viko vya mawe, nguo. Upinde wake, mishale yake isiyo na chuma na mkoba wake wa ngozi, mtu haviweki kamarini. Woodburn aliona kwamba mchezo huu unazuia mtu yeyote kurundika mali. Aliyekaa karibu na mhunzi akapata visu vitatu hawezi kukaa navyo. Atachezea, atapoteza, na visu vitasafiri mpaka upande wa pili wa nchi ya Wahadza, ambako hakuna mhunzi ila kuna jiwe zuri la viko, nalo litarudi huku. Kisu kimoja kikapita kwa watu wengi bila kununuliwa hata mara moja. Fikiria basi mpini wa kisu kama hicho: umelainishwa na viganja vya watu wengi, na kila aliyekipata aliukwangua au aliubadili kidogo ulingane na mkono wake. Hakuna mwenye kisu mmoja wa kuandikwa kwenye kadi. Sisi wakusanyaji, ambao furaha yetu ni kurundika, tungekuwa watu wa ajabu sana katika kambi ile.

Upande wa Hanang mabadiliko yalikuja kwa trekta. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, serikali kupitia shirika la NAFCO ililima ngano katika nyanda za Basotu, mashamba makubwa saba, jumla kama ekari 100,000. Yalikuwa malisho bora ya Wabarbaig. Njia za ng'ombe zilifungwa, na makaburi ya wazee, bung'eda, yalipitiwa na majembe ya trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985. Katika habari za visu jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Palipo na mashine pana chakavu, na chuma cha springi na cha mitambo kinashika makali kuliko jembe lolote la zamani. Bapa likawa bora. Lakini miti ya pembezoni mwa malisho iliondolewa, na boma lenye ng'ombe wachache lina pembe chache za kuchagua. Huwezi kuusoma mpini wa miaka ile bila kuisoma ardhi.

Miaka ya 1970 kiwanda cha UFI cha Ubungo, Dar es Salaam, kilijaza maduka ya vijijini majembe na mapanga, na ilidhaniwa kwamba mhunzi amefika mwisho. Hakufika. Uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, dukani hakuna sabuni wala chumvi sembuse kisu, uliwarudisha watu kwenye mkaa na mivukuto. Baadaye biashara ilipofunguliwa vikaja visu vya Kichina vya mpini wa plastiki, na hivi ndivyo vinavyoongoza leo katika minada. Bei yake ni ndogo na bapa lake si baya. Plastiki yake huvunjika jikoni au malishoni katika miezi michache, na hapo kisu hurudi kwa fundi kupata mpini wa pili: mti, au kipande cha bomba, au mpira wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa na kukazwa. Mpini wa tyubu wakusanyaji wengi hawautaki. Mimi nautaka. Unashika vizuri ukiwa umelowa, hauingizi maji, na unasema ukweli kuhusu mwaka uliotengenezwa kama vile pembe ilivyosema kuhusu mwaka wake.

Katika mnada, kwa mwenye kutaka kujifunza, swali zuri la kwanza ni la mpini. Nilimuuliza hivyo mzee mmoja aliyepanga visu juu ya gunia.

"Shikamoo mzee. Mpini huu ni wa mti gani?"

"Marahaba. Huo mpingo, mwanangu. Utie majini uone."

Alikuwa na haki ya kujivuna. Moyo wa mpingo ni mzito kiasi kwamba huzama, na mti huchukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Weusi wake si wa kupakwa, umo ndani ya moyo wote. Ukikwangua chini kabisa ya mpini, upande usioonekana, unakuta weusi ule ule au zambarau iliyokolea, na pembeni labda mstari wa njano hafifu wa sehemu ya nje ya shina. Mti uliopakwa rangi ya kiatu hukwanguka mweupe. Mzeituni mwitu wa misitu ya baridi ni wa namna nyingine: kahawia yenye mawimbi meusi, mgumu, wenye harufu tamu ukikatwa. Hupendwa kwa rungu na fimbo, na mabaki yake ndiyo yanayofanya mipini mizuri. Mgunga ni wa kila siku. Hupasuka usipokaushwa polepole, lakini upo kila mahali, na ukitazama vizuri ndani ya mpini wa mgunga utaona njia za wadudu ambazo fundi alizijua akazielekeza mbali na mkia wa bapa.

Mkusanyaji anatakiwa pia kuijua sheria, maana mpini unaweza kumpeleka gerezani. Pembe, meno, kucha na mifupa ya wanyamapori ni nyara, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kuwa nazo bila kibali hata kama kisu ni cha babu yake. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Miti yote ya jamii ya mpingo iliwekwa chini ya usimamizi wa mkataba huo huo kuanzia Januari 2017. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na kudhibiti usafirishaji wa vitu vya utamaduni nje ya nchi. Naona ni sheria nzuri. Zimemwachia mkusanyaji ng'ombe, mbuzi, miti iliyovunwa kwa kibali, ngozi na shaba, na hivyo ndivyo visu vya huku vilivyotengenezwa kwa sehemu kubwa tangu zamani.

Kinachobaki ni kazi, na wakati wake si mrefu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe ya Mlima Hanang yalishukia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu kwa makumi, na nyumba zilikwenda na vyote vilivyokuwamo. Wahunzi wazee nao wanapungua. Lakini mipini iliyoko Berlin, Vienna na London inaweza bado kusomwa, na wasomaji wako hai. Picha za karibu za kila mpini, mbele, nyuma na sehemu ya chini, pamoja na picha ya tundu la mkia pale lilipolegea, zingeweza kupelekwa Yaeda, Mang'ola, Basotu na kwenye kituo cha utamaduni cha 4CCP mjini Haydom, zikawekwa mbele ya watu wa Gidang'odiga na watu wa Kihadza. Waulizwe mti gani, mnyama gani, mkono wa mhunzi wa upande gani. Majibu yaandikwe kwa majina yao, wakitaka, kwenye kadi zile zile ambazo tangu wakati wa Wajerumani zimeandikwa "mti" na "pembe". Makumbusho ya Taifa yana watu wanaoweza kuisimamia kazi hiyo, na Ujerumani na Tanzania tayari zimo katika mazungumzo ya vitu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Katika orodha ndefu ya mambo makubwa yanayozungumzwa, kisu cha mchungaji ni kitu kidogo. Naomba kiwekwe humo pamoja na mpini wake.